Mzunguko wa Kolb na mzunguko wa Deming: ni ndugu, au nimefananisha sura tu?

Mama Madumu (Mwandiga, Kigoma) aliandika:

Habari za jioni wakuu.

Naomba msaada kwa jambo lililoninyima usingizi juzi. Lina harufu ya mtihani, sikatai, lakini si mtihani peke yake.

Mimi ni msimamizi wa ubora katika kikundi cha akina mama wanaokamua mawese huku kwetu, nje kidogo ya Kigoma mjini. Cheo kikubwa, ofisi ndogo: meza, kabati lisilofungika, na kiboksi cha kupimia asidi ya mafuta. Mchana niko kiwandani (tunakiita kiwanda; ni banda la mabati lenye mapipa manne na mashine moja ya kukamua), jioni nasoma shahada kwa masafa. Muhula huu nina somo la usimamizi wa ubora na somo la mafunzo ya wafanyakazi. Kila somo lina mwalimu wake, na kila mwalimu ana duara lake.

Wa ubora anatufundisha duara la Deming, yule Mmarekani wa takwimu na ubora: panga, tenda, kagua, chukua hatua. Wa mafunzo anatufundisha la David Kolb, la mwaka 1984: mtu anapitia jambo lenyewe, anarudi kulitazama na kulitafakari, anapata wazo la jumla, halafu analijaribu wazo hilo kazini, na hapo tayari yuko ndani ya jambo jingine. Usiku ule nikayachora yote mawili kwenye karatasi moja. Mbona ni kitu kimoja? Kutenda kwa Deming ndiko kupitia jambo kwa Kolb, kukagua ndiko kutafakari, na kadhalika. Nikalala nimejiona msomi. Kesho yake nikaenda kazini, usomi ukaisha.

Mwaka jana mnunuzi wetu wa Dar es Salaam alirudisha madumu 60. Wanunuzi wengi wa mawese ghafi wanataka asidi huru isizidi asilimia 5. Yetu ilisoma 7 na ushee. Kwa wasioijua kazi hii: chikichi likikatwa au likipondeka, kimeng'enya kilichomo kwenye nyama yake kinaanza kuyavunja mafuta, na hakiachi mpaka moto ukiue. Ndiyo maana tunachemsha. Lakini hatuwezi kuchemsha siku ileile mkungu unapoangushwa, kwa sababu matunda hayaachii. Tunaukatakata mkungu kwa panga, tunarundika, tunafunika siku mbili tatu hadi matunda yapukuchuke kirahisi. Kusubiri huko kunatupunguzia kazi na kunatuongezea asidi papo hapo.

Nikajaza fomu. Panga: kuchemsha ndani ya siku tatu. Tenda: imefanyika. Kagua: madumu 60 yamerudi. Chanzo: uzembe. Hatua: wachemshaji wakumbushwe. Na kweli niliwakumbusha, niliwasimamisha wote asubuhi kama wanafunzi waliochelewa namba. Mwezi wa 3 mwaka huu yakarudi madumu 35. Nikafungua faili ili nijaze fomu mpya, nikakuta nataka kuandika maneno yaleyale, kasoro tarehe. Duara limezunguka mara mbili, sisi tuko palepale kama ngamia wa kinu.

Halafu kuna Bi Mkubwa. Huyu ndiye anayesimamia kuyachemsha mafuta mara ya mwisho ili maji yatoke. Nilimnunulia kipima joto, akakitundika ukutani karibu na kalenda, kipo hapo hadi leo. Yeye anainamisha kichwa pembeni ya pipa na kusikiliza. Mafuta yenye maji yanatatarika, pata-pata-pata, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Maji yakipungua mlio unakuwa wa mojamoja. Ukikatika kabisa anahesabu kimoyomoyo kidogo, ananyoosha mkono bila kugeuka: "Toeni kuni." Nimechukua sampuli nyuma yake mara nyingi bila yeye kujua. Hajawahi kuniachia maji kwenye mafuta.

Sasa mama huyu, kwa hesabu za Kolb, amelizunguka duara maelfu ya mara. Lakini fomu naijaza mimi, ofisini, na jina lake halimo popote isipokuwa kwenye orodha ya waliokumbushwa.

Nisaidieni: haya maduara ni kitu kimoja kweli? Kama ndiyo, mbona letu linazunguka na hatujifunzi? Kama siyo, tofauti iko wapi ambayo mtu wa banda la mabati anaweza kuishika mkononi? Jibu la "kasome kitabu" naomba mnihurumie, vitabu ninavyo.

Nawasilisha.

---

Mchoshwa na Vikao aliandika:

Dada, bibi zetu wa Ujiji walikamua mawese kabla huyo Deming hajazaliwa, na hawakuwa na fomu. Tatizo lenu silo duara. Walipeni wachemshaji vizuri muone kama mafuta yatarudi.

Mama Madumu aliandika:

Wanalipwa kwa dumu, kaka. Dumu likijaa, hela. Na hao bibi zetu walikuwa hawasafirishi kilomita elfu na zaidi kwenda kwa mtu mwenye maabara. Ila neno lako la malipo nimeliweka kiporo.

---

Fundi Mzee wa Isevya (Tabora) aliandika:

Mwangaluka wote.

Binti yangu, nimelisoma bandiko lako mara mbili, mara ya pili nikaenda kutafuta miwani. Mimi ni fundi wa magari makubwa, nimestaafu. Baada ya kustaafu nilipewa vipindi vya kufundisha vijana, na mkuu wa idara alikuwa na kabati la vitabu ambalo hakuna aliyelifungua ila mimi na mchwa. Humo ndimo nilikokutana na hao watu wako.

Ndugu ni ndugu, lakini ni mabinamu. Kolb mwenyewe hafichi alikotoa: kwa John Dewey, kwa Kurt Lewin na kwa Jean Piaget. Dewey ndiye Mmarekani aliyesisitiza kwamba kupitia jambo hakutoshi, mpaka ulifikirie. Upande wa pili, Deming alilipata duara kwa Walter Shewhart, mtu wa takwimu katika kazi ya vifaa vya simu, ambaye tarehe 16 Mei 1924 alimwandikia mkubwa wake barua fupi yenye mchoro wa kwanza wa kudhibiti ubora. Shewhart na Deming wote wawili walikuwa wamekisoma kitabu cha mwanafalsafa Clarence Irving Lewis cha mwaka 1929, na Lewis alitoka katika ukoo uleule wa fikra na Dewey: wazo linapimwa kwa kinachotokea unapolitumia. Babu mmoja, wajukuu wakatawanyika, mmoja akaenda darasani, mwingine kiwandani. Ndiyo maana sura zinafanana.

Sasa tofauti, na hapa nakuomba uisome tena fomu yako.

Mwaka 1939 Shewhart aliandika kwamba kuweka vipimo, kuzalisha na kukagua ni sawa na mwanasayansi anavyoweka dhana, anavyofanya jaribio na anavyoipima dhana yake. Kitabu hicho alikihariri Deming. Kwa hiyo ile "panga" si ratiba, ni utabiri: nikifanya hivi, naamini kitatokea hiki, kwa sababu hii. Wewe kwenye "panga" umeandika "kuchemsha ndani ya siku tatu". Hiyo ni amri. Amri ikishindikana unamtafuta mkosaji, na wewe ulimpata upesi, akina mama. Utabiri ungeshindikana ungerudi kulitazama wazo lako. Deming alikuwa mkali sana hapa, alisema bila nadharia mtu hajifunzi kitu kutokana na aliyoyapitia.

Na lile neno "kagua". Deming alikwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na mameneja, na Wajapani ndio waliolieneza duara lenye "kagua". Mzee mwenyewe hakulipenda. Uzeeni alikuwa anasema "chunguza". Kwa Kiswahili tunaielewa tofauti hiyo kuliko wao. Mkaguzi akija kazini watu hufagia. Mtu akichunguza huinama.

Nikupe langu. Miaka ya tisini nilisimamia karakana ya malori, mwenye mali simtaji. Yalibeba tumbaku kutoka Urambo na Kaliua, na barabara wakati huo ilikuwa vumbi tupu. Siku moja lori linarudi, beringi ya gurudumu la nyuma imeungua, grisi imekuwa nyeusi kama lami. Mwenye mali akasema mmekaza mno, legezeni nati za malori yote robo mzunguko. Tukalegeza. Haijapita wiki mbili gurudumu la lori jingine linacheza. Akasema mmelegeza mno, kazeni yote. Tukakaza. Mwaka mzima mikono yetu ilikuwa kwenye nati hizo, na magurudumu yakazidi kuharibika.

Baadaye nikasoma kwamba Deming alikuwa na mchezo wa kufundishia upuuzi huu. Faneli juu ya meza, unadondosha gololi ilenge alama. Ukiacha faneli itulie, gololi zinatawanyika kiasi chake. Ukiisogeza faneli kufidia kila gololi iliyokosea, zinatawanyika zaidi. Niliposoma pale nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Chanzo chetu alikijua kijana wa kupaka grisi. Kopo la grisi lilipoteza mfuniko zamani na lilikaa karibu na geti, kila lori likiingia vumbi linatua humo. "Ukiisugua vidoleni, mzee, mchanga unausikia." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliyesema kabla yake alikatwa posho. Katika zile hoja 14 za Deming, ya nane ni kuondoa hofu. Nilidhani ni maneno ya kanisani mpaka siku ile.

Kwa hiyo jibu langu. Duara la Deming linaweza kuzungushwa na ofisi bila mtu yeyote kujifunza, kwa sababu halisemi ni mwili wa nani uliokuwepo. La Kolb halizunguki bila mtu. Kwenu anayesikia mlio wa pipa ni mmoja, anayetafakari ni mwingine, anayeamua ni wa tatu. Mmelikata duara vipande mkagawana. Kaa na huyo mama. Mwambie atabiri, na wewe utabiri, muandike kabla ya moto kuwashwa.

Kwenye mtihani andika alivyofundisha mwalimu wako kwanza. Haya ya kwangu yaweke aya ya mwisho, asije akakunyima alama kwa ajili ya grisi.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku (Kigoma) aliandika:

Shikamoo Mzee wa Isevya, na wewe dada Mama Madumu habari za mawese.

Sisi wa afya tumelelewa na Wajapani katika mambo haya. 5S, njia yao ya kupanga mahali pa kazi, hapa kwetu ilianzia hospitali ya rufaa Mbeya mwaka 2007, na sasa kila mtu anaikariri: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mimi naipenda kweli, trei ya dharura ikiwa imesetiwa saa nane usiku unashika kitu bila kutazama. Lakini kuna kituo nilichowahi kufanya kazi ambako "shikilia" ilimaanisha kushikilia bango ukutani. Wageni wakitarajiwa Jumatano, Jumanne fomu za kuboresha ubora zinajazwa za miezi mitatu kwa kalamu moja. Ungeziona zilivyopendeza.

Nakubaliana na Mzee, ila mimi naona kipande kinachokufa kwanza ni kile cha pili cha Kolb, kutazama nyuma. Hakina muda wake kwenye ratiba. Kutenda kuna muda, kukagua kuna mtu anayelipwa kukagua, kutafakari unategemewa ukafanyie kwenye bajaji ukirudi nyumbani. Mahali pekee nilipouona unafanyika vizuri ni kwenye makabidhiano ya zamu. Dada mkuu wetu mmoja alikuwa na swali lake, hakuliacha hata siku moja: "Usiku huu kipi kimekushangaza?" Hakuuliza kipi kimeharibika, maana ukiulizwa hivyo unajitetea. Ukiulizwa kilichokushangaza unasimulia. Dakika kumi, mmesimama, chai mkononi.

Pia waongeze Chris Argyris na Donald Schön, wa 1978, kama hamjawagusa darasani. Walitofautisha shirika linalorekebisha kosa na shirika linalorudi kuuliza kama kanuni yenyewe ni sahihi. Mimi huwaelezea wanafunzi kwa friji ya chanjo. Friji inajirekebisha yenyewe ibaki kati ya nyuzi 2 na 8, joto likipanda inawaka, likishuka inatulia. Inafanya kazi nzuri. Lakini haiwezi kujiuliza kama chupa zilizomo humo zinastahili kuwa humo. Fomu yako dada ni friji. "Siku tatu" nani aliziweka?

Mama Madumu aliandika:

Dada, hili la siku tatu limenichoma. Nimezikuta. Aliziandika aliyekuwa kabla yangu, na sijui aliziokota wapi. Shikamoo Mzee, na asante sana. Naomba wiki chache nirudi na kitu.

Fundi Mzee wa Isevya aliandika:

Marahaba. Nenda, tupo.

---

Mama Madumu aliandika (wiki tano baadaye):

Nimerudi wakuu. Mtihani nimefanya, aya ya grisi nimeiweka.

Nilianza vibaya. Nilimwita Bi Mkubwa ofisini, nikampa kiti, nikamwambia "naomba utabiri". Akakaa ukingoni mwa kiti akajibu "sawa mwanangu, ndiyo mwanangu" kwa kila kitu mpaka nikaona aibu. Mtu akiitwa ofisini kwetu amekosa. Siku iliyofuata nikaenda mimi pipani, nikakalia dumu, nikapukuchua naye. Nikatumia swali la dada nesi: wiki hii kipi kimekushangaza? Akafikiri, akasema: "Mafuta ya lile gari la Jumanne yanavyotoa povu."

Nikamweleza utabiri wangu. Mzigo utakaochemshwa siku ya pili utasoma chini ya 5, wa siku ya nne utasoma juu ya 5, kwa sababu asidi ni mambo ya siku. Akacheka kile kicheko cha kuziba mdomo kwa kanga. Yeye akatabiri kinyume: siku si kitu, shida ni gari la Jumanne hata likichemshwa mapema, na matunda ya mzee jirani anayeleta mikungu mizima kwa baiskeli hayatakuwa na shida hata yakilala. Kwa nini? Akaninyanyua nikatazame magunia. Kwenye gari la Jumanne matunda yanakuja yamekwisha kupukuchuliwa, yamesindiliwa kwenye magunia, na wapakiaji wanakaa juu yake njia nzima. Magunia ya chini yamelowa mafuta mpaka yanateleza.

Wakuu, magunia yale nimeyaona yamelowa mwaka mzima. Nilikuwa nikiona nafurahi. Nilidhani ni dalili ya matunda kuiva na kujaa mafuta.

Tukaandika tabiri zote mbili kwenye daftari moja kabla ya kuwasha moto, lake nikaliandika kwa maneno yake. Kupima napima mimi: mafuta kidogo, spiriti, matone ya kiashiria, halafu kostiki tone kwa tone mpaka igeuke waridi. Mawese yenyewe mekundu, kwa hiyo waridi yake haionekani kirahisi. Unashika chupa mbele ya karatasi nyeupe na kusubiri kama itabaki au itafutika. Safari hii akina mama watatu walikuwa wamesimama nyuma yangu wakisubiri waridi kama watu wanaosubiri matokeo ya kura.

Gari la Jumanne, siku ya pili: 6.8. Baiskeli ya mzee, siku ya nne: 4.1.

Nimeshindwa na pipa. Mmoja akapiga kigelegele, sijui ni kwa ajili ya Bi Mkubwa au kwa ajili yangu kukosea.

Wiki zilizofuata iliendelea hivyohivyo, isipokuwa mzigo mmoja wa gari la Jumanne uliosoma 4.4. Huu uliniumiza kichwa, nikataka kuuacha usiingie daftarini. Bi Mkubwa akauliza utaandikaje vingine na kuacha hiki. Yeye anasema siku hiyo gari lilikuja nusu na wapakiaji walikaa mbele kwa sababu ya mvua. Inawezekana. Sijui bado, tumeandika kama utabiri wa mzigo mwingine wa namna hiyo.

Yaliyobadilika ni machache. Fomu nimeikata vichwa viwili. Palipokuwa na "panga" sasa pameandikwa "unatabiri nini, na kwa sababu gani?", na pana nafasi ya jina la anayetabiri. Palipokuwa na "chanzo" nimepafuta kabisa kwa sasa, maana kalamu yangu imezoea neno moja tu. Mwenye gari la Jumanne tumemwomba alete mikungu mizima. Amesema gari litabeba kidogo, kwa hiyo anataka bei ipande. Kikao cha kikundi kimekaa saa mbili juu ya hilo, na mweka hazina ana hoja yake, hapingi bure. Na kaka Mchoshwa na Vikao, kile kiporo chako kimepashwa moto: kulipa kwa dumu kunamfanya mchemshaji apende magunia ya Jumanne, kwa sababu yameshapukuchuliwa, dumu linajaa haraka. Bi Mkubwa ndiye aliyelisema hilo kwenye kikao, mbele ya wote, na halina faida kwake. Hatujaamua.

Kipima joto bado kiko ukutani. Juzi nilimwona anakitazama.

Mchoshwa na Vikao aliandika:

Saa mbili! Mimi ningetoka dakika ya ishirini. Lakini hongera dada.

Nesi wa Zamu ya Usiku aliandika:

Daftari linakaa wapi? Likirudi ofisini limekufa.

Mama Madumu aliandika:

Limetundikwa kwenye nguzo ya banda, kwa kamba, na kalamu yake. Kurasa nne zimeshashikana kwa mawese.

Fundi Mzee wa Isevya aliandika:

Safi sana, mwanangu. Na usimdharau huyo mzigo wa 4.4, huyo ndiye mwalimu. Umepima mizigo mingapi jumla?

Mama Madumu aliandika:

Sita, Mzee.

Fundi Mzee wa Isevya aliandika:

Sita ni michache, hapo bado unaweza kuwa unasogeza faneli. Usimbane mwenye gari kwa namba hizo. Fikisha ishirini, uzipange kwa tarehe kwenye karatasi ya mraba, uchore mstari wa wastani, halafu uje tutazame pamoja.

Mama Madumu aliandika:

Sawa Mzee. Wa saba unashuka Alhamisi. Bi Mkubwa ameshaandika lake, mimi bado.